Kikombe Kilichoanguka Ujiji

Sogeeni, mkae mkao wa kusikiliza, ila leo sitaki mtu asinzie. Katika hadithi hii yupo aliyesinzia, na usingizi ule karibu umpeleke kaburini. Wewe wa nyuma unayetafuna muwa, weka chini kwanza. Nikimaliza nitawauliza swali, na safari hii siulizi kwa mchezo. Nauliza kwa sababu naogopa.

Mimi naitwa Kyalo. Kazi yangu ni kupokea wageni katika hoteli moja hapa Voi. Mwaka jana nilijiunga na darasa la mtandaoni, darasa la kujifunza kuishi na watu wa mataifa mengine. Tulikuwa wanafunzi wanane wa nchi mbalimbali, kila mmoja mbele ya simu yake au kompyuta yake, na lugha ya darasa ilikuwa Kiswahili. Mwalimu wetu, Mwalimu Kokubanza, alikuwa akitufundisha kutoka Bukoba, sebuleni kwake.

Katika hao wanane, wakumbukeni watatu, na mkumbuke vipawa vyao.

Wa kwanza ni Sinikka wa Ufini. Haoni tangu kuzaliwa, na kazi yake ni kurekebisha piano. Sikio lake ni sikio kweli. Ukivuta kiti huku Voi, kule kwao anakuambia mguu upi wa kiti umelegea.

Wa pili ni Jignesh wa Bhuj, Uhindini, mpeleka barua. Huyu hawezi kupita kwenye anwani bila kuiandika. Ukimsimulia unavyotoka sokoni hadi mlangoni kwako, jioni anakutumia ramani, na kwenye ramani hata mbuzi wa jirani yumo.

Wa tatu ni Moinaecha wa Moroni, Ngazija, mama mjane anayeuza vitambaa. Huyu kipawa chake hatukukijua. Alisema kidogo mno, na akisema alituomba radhi kwamba Kiswahili chake kimechanganyika na Kingazija. Sote tulimhesabu kuwa ndiye dhaifu wa darasa.

Sasa yupo wa nne, na yeye ndiye hadithi yenyewe. Bi. Sikudhani wa Ujiji, umri wake hamsini na kitu, mcheshi, mpishi, mtu wa kumkosoa mwalimu, na mwalimu mwenyewe akacheka. Katikati ya masomo mumewe akafariki, Mungu amrehemu, naye akaingia eda. Kwa wasiojua, eda ni ile miezi minne na siku kumi mjane Mwislamu anayokaa ndani akiomboleza. Hatoki bila haja, wala hakai mbele ya wanaume wasio ndugu zake. Bi. Sikudhani akamuuliza shehe wake kama anaweza kuendelea na darasa, shehe akasema elimu haina ubaya. Basi akafunga kamera, akabaki sauti tu. Kwenye kioo tukawa tunaona mraba mweusi wenye jina lake.

Mwalimu Kokubanza alikuwa na desturi yake, sijaiona kwa mwalimu mwingine. Kila kipindi kilianza kwa dakika tano za kimya. Kila mtu anafungua kipaza sauti chake, hakuna anayesema, tunasikiliza nyumba za wenzetu. Aliiita kubisha hodi. "Huwezi kuishi na mtu ambaye hujaisikia nyumba yake," alikuwa akisema. Tukawa tunasikia kengele za baiskeli za Bhuj, theluji inavyodondoka kutoka kwenye paa la Sinikka, na jogoo wangu asiyejua saa.

Na wiki moja kabla ya siku ya mkasa wenyewe, tulikuwa tumeandika insha kuhusu kuheshimu kimya cha mwenzako. Niliandika kwamba kila watu wana kimya chao, na mgeni mwenye adabu hakisumbui. Nikapata alama za juu kuliko wote. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa. Ndugu zangu, nilivimba kichwa. Nakiri hapa mbele yenu, kwa sababu yaliyofuata yalitokana na kichwa hicho.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, tukabisha hodi kama kawaida. Ujiji mvua ilikuwa inanyesha kwa siku ya tatu. Tuliisikia kwenye paa la Bi. Sikudhani. Kitu kikaanguka kwake, kikalia kidogo, kikanyamaza. Dakika tano zikaisha. Mwalimu akaanza kutusalimia mmoja mmoja, tukaitika mmoja mmoja.

"Bi. Sikudhani, habari za asubuhi?"

Kimya.

"Bi. Sikudhani, upo nasi mama?"

Kimya. Mvua tu.

Hapo ndipo mimi, mwenye alama za juu, nikafungua mdomo. "Mwalimu, mwacheni. Yuko kwenye eda. Huenda leo hataki kusema, na hiyo ni desturi yao. Tumheshimu."

Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu akanishukuru kwa kuwakumbusha, akageukia ukurasa wa kazi ya siku hiyo. Nami nikatabasamu mbele ya kamera. Tabasamu lile liko kwenye rekodi ya darasa mpaka leo.

"Hapana," akasema Sinikka.

Hakuwahi kumkatiza mwalimu hata siku moja. Uso wake ulikuwa umebadilika, amesimama, na ametupa mikono mbele kama mtu anayetafuta ukuta.

"Hapana. Kikombe kimeanguka. Hakuna mtu aliyekiokota."

"Sinikka, kikombe gani?" mwalimu akauliza.

"Kwa Bi. Sikudhani. Kikombe kimeanguka, kimeviringika, kimesimama. Yeye hakusema 'ah'. Hakusema 'loo'. Kila siku akiangusha kitu anasema 'loo'. Leo hakuna. Na mvua iko mbali. Wiki zote mvua yake iko karibu, leo iko mbali. Madirisha yamefungwa. Na kuna mkaa. Nausikia mkaa unalia, tak, tak, karibu na simu. Mkaa uko ndani ya chumba."

Akaendelea. Kwao, alisema, kuna vibanda vya kuogea vyenye jiko la kuni, na zamani watu walikuwa wakiziba bomba la moshi mapema ili joto lisitoke. Mjomba wake na mkewe walifanya hivyo wakati yeye ana miaka saba. Moto ulikuwa umebaki makaa tu, hakuna moshi, hakuna harufu. Walilala, hawakuamka tena. Yeye alikuwa chumba cha pili, akawasikia wanavyokoroma kwa namna ambayo hajaisahau.

"Sasa namsikia Bi. Sikudhani," akasema. "Anakoroma vile vile."

Mwalimu akatuambia sote tufunge vipaza sauti, abaki wa Bi. Sikudhani peke yake. Ndipo na sisi tukasikia. Pumzi nzito, ndefu, inavutwa kama gunia linaloburutwa, kisha inakaa. Inakaa. Unajiuliza kama itarudi. Kisha inarudi. Nilikuwa nimemwambia mwalimu amwache mtu huyu afe kwa adabu.

Mwalimu akampigia simu. Tukaisikia ikiita mle chumbani, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa akisomea, ikaita mpaka ikakatika. Dada yake, Bi. Mgeni, ndiye aliyekuwa akikaa naye eda, lakini namba yake hakuna aliyekuwa nayo. Ofisi ya chuo Jumamosi hufungwa. Kwenye fomu ya usajili Bi. Sikudhani alikuwa ameandika sanduku la posta, basi. Ujiji ni mji, ndugu zangu. Utampigia nani Ujiji? Utasema nyumba ipi? Mwalimu yuko Bukoba, mimi Voi, na mama wa watu anavuta pumzi moja moja.

"Mwalimu, subiri kidogo," akasema Jignesh.

Mezani kwake alikuwa amekwisha kufungua daftari. Mnakumbuka nimesema hawezi kupita kwenye anwani? Mwezi wa kwanza wa masomo tulipewa kazi ya kumwelekeza mgeni njia ya kufika kwetu. Bi. Sikudhani alisimulia njia yake kwa mbwembwe, akatutumia na picha ya mtaa wake. Sisi wengine tukaicheka tukaisahau. Jignesh akaichora.

"Kutoka sokoni, mashine ya kusaga iko kulia," akasoma, kidole kikitembea juu ya karatasi. "Msikiti mdogo kushoto. Nyumba ya tatu baada ya msikiti, mlango wa kijani, kizingiti kimevunjika upande mmoja. Mbele ya mlango, ng'ambo ya barabara, kuna banda la fundi baiskeli. Bi. Sikudhani alisema fundi huyu ameandika namba yake ya simu ukutani kwa rangi nyekundu, kubwa mno, mpaka mbuzi wanaijua."

"Namba, Jignesh! Namba!" mwalimu akapiga kelele.

"Ipo. Ilionekana kwenye picha. Niliiandika."

Akaisoma tarakimu moja moja, polepole, kama mtu anayekabidhi kifurushi. Ya mwisho haikuonekana vizuri kwenye picha, ilikuwa tatu au nane. Mwalimu akajaribu tatu. Akapokea mtu wa Tabora, amelala, akatukana. Akajaribu nane.

"Halo, fundi Maulidi hapa, pancha au mnyororo?"

Mwalimu akaiweka sauti nje ili sote tusikie. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Fundi Maulidi akavuka barabara, tukamsikia akigonga. "Hodi! Bi. Sikudhani, hodi!" Akagonga tena. Akarudi kwenye simu.

"Mwalimu, mlango umekomewa kwa ndani. Bi. Mgeni amekwenda mjini hospitali kumchukulia dawa za presha, namjua, alipita hapa asubuhi. Tumsubiri arudi."

"Vunja mlango!"

"Nivunje?" Sauti ikashuka. "Mwalimu, hiyo ni nyumba ya eda. Mama yumo ndani na eda yake, mimi mwanamume nimvunjie mlango? Watu wataniambiaje? Na kama kalala tu?"

"Hajalala, anakufa!"

"Samahani, mwalimu, dini yako wewe ni ipi?"

Mwalimu Kokubanza ni Mkristo. Wanaume wengine walikuwa wamekusanyika pale barazani, tukawasikia wakibishana. Mmoja anasema aitwe mwenyekiti wa mtaa. Mwingine anasema asubiriwe shehe atoke shamba. Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Kila mmoja alikuwa anaheshimu, kama nilivyoheshimu mimi. Na upande wa pili, ile pumzi ilikuwa imeanza kukawia zaidi. Nilijaribu kuhesabu kati ya moja na nyingine. Nilifika kumi na nne nikaacha, niliogopa kufika ishirini.

"Mwalimu, nipe mimi," ikasema sauti ndogo. Moinaecha.

"Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh," akamwambia fundi, taratibu, neno kwa neno.

Fundi akaitikia yote.

"Mwaonaje hali huko, kaka yangu? Wazima nyote nyumbani?"

Ningeweza kumpiga. Wallahi, mimi si Mwislamu lakini siku ile niliapa. Mtu anakufa, yeye anauliza hali! Lakini sauti ya fundi ikabadilika, ikawa ya mtu anayezungumza na mkubwa wake. "Wazima, mama, alhamdulillahi. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mjane, kaka. Mume wangu nimemzika mwaka juzi, na eda nimeikaa, miezi minne na siku kumi, sikupunguza hata moja. Kwa hiyo la eda niulize mimi. Eda imewekwa kumhifadhi mwanamke. Ninyi hapo mnaihifadhi eda, na mwanamke anakwisha. Penye dharura, Mola kafungua mlango kabla yako. Umenifahamu?"

"Nimefahamu, mama."

"Basi fanya hivi. Mwite jirani mwanamke, aje na kanga mbili. Wewe vunja, yeye atangulie, amfunike, kisha mmbebe nyote. Ukimwona, umemwona. Kama hilo lina dhambi, mimi nitalijibu mbele ya Mungu. Jina langu Moinaecha binti Soilihi wa Moroni. Lishike jina hilo, ukiulizwa ulitaje."

Halafu tukamsikia fundi akipaza sauti, "Bi. Tausi! Bi. Tausi wee! Njoo na kanga!"

Kilichofuata tulikisikia mara mbili, kwenye simu ya fundi kutoka nje, na kwenye simu ya Bi. Sikudhani kutoka ndani. Chuma kwenye mbao. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Komeo likaruka. Sauti ya mwanamke, "Jamani, joto gani hili!" Sinikka akapiga kelele, "Msikae ndani! Msizime jiko kwanza, mtoeni nje! Kwenye mvua! Mtoeni!" Miguu, mkeka ukiburutwa, mtu akilia. Kisha kwenye mraba mweusi wenye jina la Bi. Sikudhani hatukusikia tena pumzi. Uliobaki ni mkaa, tak, tak.

Hatukujua kama pumzi imetoka na mwenyewe, au imekwisha. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza. Jignesh ameziba daftari kwa viganja viwili. Sijawahi kuogopa vile, na hapa napokea watu wa kila aina, wengine walevi.

Halafu kwenye simu ya fundi tukasikia mtu akikohoa, akitapika, akikohoa tena. Na sauti ya kukwaruza ikasema, "Loo."

Sinikka ndiye aliyeanza kulia.

Daktari alisema ni hewa ya mkaa. Kwa mvua ile asingeweza kupika uani, na hakutaka kukosa kipindi, basi akaingiza jiko chumbani achemshe chai huku akisoma, akafunga na madirisha. Robo saa nyingine, daktari alisema, wangekuwa wanachimba.

Hapo ndipo hadithi ingeisha, kama si jambo la safari.

Kila mwaka darasa letu lina nafasi moja. Mwanafunzi mmoja husafirishwa akakae mwezi mzima nyumbani kwa mwenzake wa nchi nyingine. Mwaka huu nyumba iliyopangwa ni ya Bi. Sikudhani. Eda yake inaisha wiki ijayo. Anasimulia dada yake kwamba tangu arudi kutoka hospitali hajaingia chumba kile hata mara moja. Analala ukumbini, taa inawaka, na mvua ikianza anatoka barazani na baridi yake. Amesema ataingia siku mmoja wa wale watatu atakaposimama naye mlangoni. Na nafasi ni moja. Mwalimu ameomba ziwe tatu, akajibiwa fomu ina mstari mmoja.

Basi mwalimu akawauliza wenyewe, kila mmoja aseme.

Sinikka akasema, "Bila sikio langu mngekuwa mnasoma ukurasa wa kumi na mbili, yeye akipoa. Nyumba ile naijua kwa masikio. Nataka niiguse."

Jignesh akasema, "Sikio lilisikia, sawa. Lakini lilisikia mtu asiye na mahali. Mimi ndiye niliyempa mahali. Miaka ishirini nimepeleka barua za watu, na sijawahi kuingia nyumba moja kati ya nilizozifikia."

Moinaecha akasema, "Mlifika mlangoni, wenzangu, mkasimama. Wanaume saba walisimama. Na mimi najua siku ya kutoka eda mtu anavyotoka, jua linavyomchoma macho. Siku yangu nilitoka peke yangu. Sipendi naye atoke peke yake."

Msinitajie fundi Maulidi, nimeshawaona mnanong'ona. Fundi yuko ng'ambo ya barabara, anavuka kila siku kwa miguu, na Bi. Mgeni anampa vitumbua.

Tukapiga kura, sisi tuliobaki. Kura zikalingana, kila mmoja wa watatu akapata moja, na yangu haikuwamo. Sikupiga, niliona haya. Mwalimu akampelekea Bi. Sikudhani aamue mwenyewe. Bi. Sikudhani akaomba kwanza asikilizishwe rekodi ya siku ile, yote, tangu kubisha hodi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatutumia sauti yake, na kamera bado imefungwa.

"Mimi sichagui," akasema. "Mtoto hachagui kati ya waliomzaa. Nimemsikia kijana mmoja hapa anasema mwacheni, ni desturi yao. Sina kinyongo naye, alisema kwa wema. Lakini yeye ndiye achague. Kyalo, mwanangu, uliniacha mara moja. Safari hii usininyamazie. Nitumie mmoja."

Fomu iko hapa mfukoni mwangu, mnaiona. Mstari mmoja, mtupu. Kesho saa nne asubuhi, saa ile ile, natakiwa niirudishe. Nikimwandika mwenye sikio, ninawaambia wawili kwamba njia na mlango si kitu. Nikimwandika mwenye njia, sikio litaniuliza. Nikimwandika aliyefungua mlango, wawili wataniuliza mlango ule ulifikiwaje. Na nisipomwandika mtu, mvua ikinyesha Ujiji yule mama anatoka nje usiku, akitetemeka.

Basi semeni ninyi. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemwandika nani? Wewe mwenye muwa? Wewe mama uliyejifunika? Semeni hata mkikosea, mimi nitawasikiliza. Ila tafadhali, msininyamazie kwa adabu.